Nusu Kata ya Maji

Kijijini Wema, mtu aliyetaka kulala bila wasiwasi juu ya mbegu yake ya mpunga aliipeleka kwa Philemon. Si kwamba Philemon alikuwa na ghala la ajabu. Lilikuwa ghala kama mengine ya ukingo wa Tana: limeinuliwa juu ya nguzo, kuta za fito, paa la majani ya mkoma. Cha ajabu kilikuwa paka.

Paka huyo aliitwa Karani. Jina alipewa na Lydia, mke wa Philemon, kwa namna alivyokaa: juu ya kilindo, kile chombo kirefu cha gome la mti kinachotiwa mbegu, miguu ya mbele ameikusanya, macho ameyafumba nusu, kama karani wa bomani anayekusubiri useme shida yako ili akwambie urudi kesho. Alizaliwa mwaka ule wa nzige, vita vya Wazungu havijaisha, na sasa ilikuwa imeingia elfu moja mia tisa hamsini na saba. Hesabu mwenyewe. Paka wengi hawafiki huko. Mamba huwapata, au fisi, au wake za watu kwa mwiko.

Miaka yote hiyo hakuna panya aliyeonja mbegu ya mtu. Watu hawakusema, "Mbegu yangu iko kwa Philemon." Walisema, "Iko kwa Karani." Philemon alikuwa akicheka, lakini tusidanganyane, sifa ya paka ilikuwa sifa yake. Hakuwa mzee wa kanisa, sauti yake haikufaa kwaya, na mtumbwi wake ulikuwa na kiraka. Lakini vilindo kumi na saba vya watu vilikuwa chini ya paa lake, na kila mwaka, mto ulipokaribia kufurika, wenyewe walikuja na kukuta mbegu kavu, inayolia kama mvua ukiimimina. Siku hiyo alitembea wima.

Mambo yalianza mwezi wa kwanza, joto likiwa limekaa juu ya mto kama kifuniko. Aliyeona ni Lydia.

"Baba Gershom, huyu paka wako anakunywa kama ng'ombe."

"Joto."

"Joto la mwaka jana halikuwa joto? Nimejaza kigae chake mara tatu tangu asubuhi."

"Basi jaza mara ya nne, mama. Mto haujakauka."

Hayo aliyasema yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Baadaye alikuja kutamani kama angeishia hapo.

Kwa sababu wiki iliyofuata alipanda ghalani kukagua, akasikia harufu. Alinusa huku na huku mpaka akafika kwenye kilindo cha Tamar, dada yake Lydia, mjane mwenye watoto watano. Alifunua. Mbegu ya juu ilikuwa imelowa, imeshikana, na katikati vichipukizi vyeupe vilikuwa vimetoka, vimepinda kama vidole vya mtoto mchanga. Ilikuwa mkojo wa paka. Karani alikuwa amelala juu ya kilindo cha jirani, manyoya yamesimama ovyo, mifupa ya mgongo unaihesabu.

Philemon alikaa chini. Kitu cha kwanza alichofikiria hakikuwa paka. Alifikiria Tamar akifunua kilindo mbele ya watu. Akatwaa mbegu yake mwenyewe, akajaza pengo la ile iliyoharibika, akatupa iliyooza mtoni kabla ya watu kuamka, na hakumwambia mtu. Kisha akakaa ukingoni akitafuta dawa ya jambo hili kwa akili aliyokuwa nayo, nayo ilikuwa akili ya mkulima wa bonde.

Mkulima wa Kipokomo wa Tana, kazi yake kubwa ni maji. Mto ukipanda, anafungua mfereji, maji yanaingia shambani. Yakizidi, mpunga unaanza kuwa wa manjano, unakonda, unaoza mizizi. Na hapo hakuna anayeuliza: unaziba mfereji. Philemon alikuwa ameziba mifereji tangu utotoni, na mpunga ulikuwa umempa haki kila mara. Paka anakonda. Paka amejaa maji, yanamtoka kila mahali. Basi?

"Nitamziba," alimwambia Lydia.

"Utamziba nini?"

"Maji. Nusu kata asubuhi, basi. Mpaka yaliyomo yaishe."

Lydia aliacha kutwanga. "Paka si shamba, Baba Gershom."

"Kila kitu kina mfereji wake."

"Na kiu yake je?"

"Kiu ni ulevi tu. Umezoea kunywa, unataka kunywa. Akipungukiwa siku tatu nne atasahau."

Akamshusha Karani kutoka ghalani, akamfungia jikoni, akafunika mtungi kwa ungo na juu ya ungo akaweka jiwe. Asubuhi alipima mwenyewe, nusu ya kile kifuu chenye mpini, akamimina kwenye kigae. Karani alikunywa mpaka kigae kikalia chini ya ulimi, kisha akainua uso, akamtazama, akingoja. Philemon aliondoka. Na ili mnyama asidhani amechukiwa, alimpa kila jioni kipande cha samaki wakavu wa chumvi aliotoka nao Kipini, samaki ambao hata wageni hawakuonjeshwa. Ndiyo, chumvi. Alimpenda, ndiyo maana alimpa chumvi.

Aliyesema neno la maana alikuwa Sabdio. Huyu alikuwa mama wa Kiorma, kabila la wafugaji, aliyekuja kila siku ya tatu na vibuyu vya maziwa, akabadilishana na Lydia kwa mahindi. Urafiki wao ulikuwa wa miaka mingi na ulikuwa wa kelele. Walitukanana kuhusu vipimo kama ndugu wa tumbo moja. Kila alipokuja alimwagia Karani maziwa kidogo kwenye kiganja chake. Siku hiyo Karani alikuja akiyumba, akalamba, akaendelea kulamba mkono mtupu.

"Huyu ana kiu," alisema Sabdio.

"Ana maji mengi mwilini," alijibu Philemon kutoka mlangoni. "Yanamtoka mpaka yanaharibu mali."

"Mzee, mimi nachunga tangu sijaota meno. Mnyama mwenye kiu namjua hata kwa mgongo. Mpeleke kwa Halkano, yule bwana mifugo. Jumatano atakuwa Garsen, anachoma ng'ombe sindano ya sotoka."

"Nibebe paka, nisimame kwenye foleni ya ng'ombe wa Waorma?"

"Kwani paka atapigwa pembe?"

"Mimi ndiye nitakayepigwa, kwa vicheko. Watanicheka mpaka mavuno."

Sabdio alifunga vibuyu vyake polepole. "Cheko halitoboi ngozi, Baba Gershom," alisema, akaenda.

Jumatano hiyo ilipita. Na ya pili yake ikapita. Philemon alikuwa na sababu kila mara: kuziba paa, kushona wavu, kikao cha kanisa. Sababu ya kweli ilikuwa moja tu. Aliona haya.

Kilichomtoa nyumbani ni mtungi. Adhuhuri moja aliingia jikoni kutafuta moto wa tumbaku. Mtungi wa udongo, mnajua, ukijaa maji hutoa jasho kwa nje. Karani alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, kifua amekiegemeza kwenye tumbo la mtungi, na alikuwa akiulamba. Alilamba jasho lile kutoka chini kwenda juu, taratibu, hakuacha mahali, kama mtu anayesafisha chombo cha watu. Udongo ulikuwa umebaki na mistari mikavu ya ulimi, mmoja juu ya mwingine, ya leo na ya jana na ya juzi.

Philemon hakuwasha tumbaku. Alitoa jiwe, akaondoa ungo, kisha akasita, mkono na kata hewani. Moyo ulimwambia ampe mtungi mzima. Akili ya mfereji ikamwambia: atavimba afe mikononi mwako. Akampa nusu kata ya pili. "Kesho ni Jumatano," alimwambia paka. "Kesho tutakwenda."

Walikwenda kwa mtumbwi, alfajiri, kupandisha mto. Alimweka Karani kwenye kikapu mbele yake, akasukuma pondo. Mto ulikuwa mpole, una rangi ya chai ya maziwa. Walipofika kwenye kona ya mikuyu Karani alitoka kikapuni. Alitembea kwa miguu yake iliyokuwa ikitetemeka mpaka ukingo wa mtumbwi, akainama, akanyoosha shingo. Maji yalikuwa pale pale, upana wa vidole vitatu chini ya kidevu chake. Ulimi ulikuwa umeshatoka.

Philemon aliinama, akamshika ngozi ya shingo, akamrudisha kikapuni.

"Umeshakunywa yako," alimwambia. Na kwa kweli asubuhi alikuwa amempimia. Tena kuna mamba, alijiambia. Karani hakulia. Alikaa kikapuni akitazama maji mpaka Garsen.

Foleni ilianza mbali na zizi la miti. Vumbi, kwato, fimbo, na kila mtu akiita ng'ombe wake kwa jina. Philemon alisimama nyuma ya mafahali arobaini wa kijana mmoja mrefu aitwaye Dabaso, ambaye aligeuka, akachungulia kikapu, akapaaza sauti ili hata wa mbele wasikie.

"Jamani, pisheni! Mpokomo ameleta kundi lake!"

"Ni wangapi?" mtu aliuliza kutoka mbele.

"Ni mmoja, lakini ana mkia!"

"Muulizeni anakamuliwa mara ngapi kwa siku!"

Philemon alicheka pamoja nao, kwa maana ukicheka mwenyewe hawachukui kila kitu. Na hapo ndipo alipoona jambo lililomuuma zaidi ya dhihaka: vicheko viliisha. Havikufika hata muda wa kuchemsha uji. Dabaso akamwambia, "Mzee, usisimame juani na mgonjwa, pita mbele," na wale waliotania ndio waliosogeza ng'ombe wao kumfungulia njia. Wiki mbili alikuwa amekiogopa kitu kile.

Halkano alikuwa mtu mfupi wa Kiorma, mwenye kaptula ya kaki ya serikali na mikono iliyonuka dawa. Hakucheka wala hakushangaa. Alimtoa Karani kikapuni, akamlaza juu ya sanduku la sindano. Alivuta ngozi ya mgongo kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama hema. Alifungua kinywa, akanusa, akamwashiria Philemon anuse: harufu ya mkojo, kinywani. Kisha akapitisha vidole chini ya mbavu, akabonyeza huku amefumba macho.

"Shika hapa. Unasikia?"

"Kama kokwa."

"Ndiyo figo hiyo. Na ya pili hii. Zilitakiwa ziwe laini, na kubwa kuliko hivyo. Zimekauka. Huyu figo zake zimekufa, mzee."

"Dawa?"

"Hakuna. Kwa huyu hata Nairobi hakuna. Ni uzee." Akamtazama Philemon. "Anakunywa sana?"

"Alikuwa akinywa sana. Nikamziba. Nilimpimia nusu kata kwa siku."

Halkano aliondoa vidole mbavuni. Ng'ombe mmoja alilia ndani ya zizi. "Muda gani?"

"Wiki tatu. Na kidogo."

"Kwa nini?"

Philemon alieleza habari ya mfereji, na mpunga unaokonda. Alipokuwa akieleza alisikia mwenyewe jinsi maneno yanavyopungua nguvu.

"Sikiliza," alisema Halkano, na sauti yake haikuwa ya kugomba, afadhali ingekuwa ya kugomba. "Figo ikifa haiwezi tena kushika maji. Yanapita tu. Mnyama anakunywa ili afidie yanayopita. Huyu alikuwa ndoo iliyotoboka, na aliyekuwa anaijaza ni yeye mwenyewe, usiku na mchana, peke yake. Wewe ukamnyang'anya kata." Akafuta mikono. "Sisi kwetu ni watu wa visima. Tunachimba mpaka mtu hapati hewa, ndipo ng'ombe anywe. Ninyi watu wa mto mna bahati. Hamjui kiu. Hamkupata pa kujifunza."

"Ana muda gani?"

"Siku kumi. Labda pungufu."

"Na kama ningemwacha anywe?"

Halkano alikwisha kushika sindano ya ng'ombe anayefuata. Angeweza kudanganya. "Angeona kupanda," alisema. "Labda na mavuno. Sasa mpe maji, mpe mpaka achoke. Chumvi asiguse."

"Samaki wa chumvi..."

"Ulimpa?"

Philemon alianza kumrudisha Karani kikapuni.

Wakati wa kurudi, maji yakiwabeba, alifunga mtumbwi kwenye kona ile ile ya mikuyu. Akamtoa Karani kikapuni, akamweka ukingoni palepale. "Kunywa, baba," alimwambia. "Kunywa mto wote." Karani alitazama maji. Kisha akamtazama yeye, na mkono wake. Akarudi nyuma, akaingia kikapuni mwenyewe, akajikunja. Philemon akateka maji kwa kiganja, akampelekea. Karani aligeuza uso.

Nyumbani akaondoa ungo na jiwe. Akaweka vigae vitatu: jikoni, mlangoni, chini ya ghala. Lakini paka mzee ni kama mtu mzee, akishafundishwa jambo halifutiki kwa siku moja. Wiki tatu alikuwa amefundishwa kwamba Philemon ndiye mwisho wa maji. Philemon akitokea, Karani aliacha kunywa. Aliinua kichwa kutoka kigaeni, kidevu kikidondoka, akasogea kando na kungoja, kwa adabu, mpaka mtu aondoke. Philemon alijifunza kuondoka. Mtu mzima, mwenye nyumba yake, alizunguka nyuma ya jiko akanyemelea kusikiliza ulimi ukigonga maji.

Siku ya sita Sabdio alikuja. Karani hakuweza tena kusimama. Sabdio alikaa chini mchangani, akamweka pajani, akachovya vidole kwenye kigae, na paka akanywa kutoka vidoleni, kidogo kidogo, macho amefumba. Philemon alisimama hatua nne hivi, nyuma ya nguzo.

"Njoo umshike," alisema Sabdio bila kugeuka.

"Akiniona ataacha."

Sabdio hakumwambia kwamba si kweli. Aliendelea kuchovya.

Karani alikufa siku ya nane, Philemon akiwa shambani akisafisha mifereji kabla ya mto kuja. Alikuwa ameenda makusudi, ampishe. Aliporudi, Lydia alikuwa amemfunika kwa kipande cha kanga.

"Alikunywa?" aliuliza.

"Alikunywa vizuri," alisema Lydia. "Alikunywa akashiba."

Walikuwa wameoana miaka thelathini na mmoja. Alimjua Lydia akisema kweli na alimjua akimwonea mtu huruma. Hakuuliza mara ya pili.

Alimzika chini ya ghala, kati ya nguzo. Siku hiyohiyo jioni akaenda kwa Tamar kumweleza habari ya kilindo, jinsi mbegu ilivyooza, jinsi alivyoificha. Tamar alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, lakini si ulishairudisha? Mbona unakuja na uso wa msiba kwa kopo la mpunga?" Na Philemon akaona hawezi kueleza kwamba si mpunga.

Msimu huo panya walirudi. Walikula vilindo viwili kabla ya kupanda, na mwaka uliofuata watu wakaanza kuweka mbegu kwao wenyewe. Lydia alipomwambia atafute paka mwingine, alisema bado. Alisema bado kwa miaka miwili.

Halafu mvua zikakosa. Bara kukawa kweupe, visima vya Waorma vikashuka, na ng'ombe wakaanza kuteremka kuutafuta mto kabla ya wakati wake. Kila mara ni hivyo, na kila mara kuna maneno, kwa maana kati ya ng'ombe na maji kuna mashamba ya watu. Watu wa Wema walikaa wakakubaliana: Waorma wapite njia yao ya zamani, ile ya mbali, ya nusu siku zaidi. Hakuna kukanyaga ndizi za mtu.

Philemon hakusema kitu kikaoni. Lakini asubuhi yake walimwona kwenye shamba lake la chini, lile linalogusa ukingo, ana panga. Alikuwa anakata migomba. Alikata mstari mzima, upana wa ng'ombe watatu, kutoka njiani mpaka majini, na pande zote mbili akafunga miiba.

"Baba Gershom, umerogwa?" jirani yake Hiribae alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya tuta. "Ukiwafungulia leo, kesho watalala jikoni kwako!"

"Wapite hapa. Kwangu. Lako hawatagusa."

"Na ukikosa chakula utakula nini, kwato?"

"Nitakuja kula kwako," alisema Philemon, akaendelea kukata.

Usidhani aligeuka kuwa mtakatifu. Ng'ombe wa kwanza walipovunja miiba na kula mihogo yake, aligombana na wachungaji mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na aliwataja baba zao. Lakini hakuifunga njia.

Dabaso ndiye aliyeleta kundi la kwanza. Hakukumbuka kikapu wala paka. Alisema tu, "Ahsante, mzee," akapita. Ng'ombe walipoona mto walianza kukimbia, na vijana hawakuwazuia. Waliingia mpaka magotini, wakainamisha vichwa wote kwa pamoja, na kukawa kimya, isipokuwa ile sauti ya kuvuta maji.

Philemon alikuwa amekuja mpaka karibu. Kisha, bila mtu kumwambia, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama nyuma ya mgomba uliobaki, mahali ambapo hawangemwona, akawasubiri wamalize.